Kpandroma: Kabla ya kupasuliwa juu ya unene, waganga wanataka kujua unavyolala

Kwenye soko la Kpandroma, katika teritware ya Djugu, mtu mwenye mwili mkubwa anayekoroma usiku kucha bado anahesabiwa kuwa mtu aliyeshiba na aliyelala vizuri. Hakuna anayempeleka hospitali kwa sababu hiyo. Lakini siku atakapovuka mpaka kutafuta upasuaji wa kupunguza uzito, atashangaa: kabla ya kumshika tumbo, watamuuliza anavyolala. Na pengine atafungwa vyombo kidoleni, kifuani na puani usiku mzima, kisha aambiwe arudi baada ya wiki kadhaa.

Mtu aliyeuza ng'ombe au bidhaa za duka ili apate pesa ya safari anaweza kuona hapo ni janja ya kumla pesa. Siyo hivyo. Kipimo hicho kinafanywa kwa ajili ya usiku wa kwanza baada ya kisu, wakati dawa ya usingizi bado iko mwilini na mgonjwa amelala kitandani peke yake.

Kuongea unene katika Djugu kunaweza kuonekana kama mzaha. Tangu vurugu ziliporudi mwishoni mwa mwaka 2017, wakaaji wengi sana wamekimbia vijiji vyao, na katika kambi za waliohama shida ni kukosa chakula. Eneo la afya la Rethy, ambamo Kpandroma iko, linajulikana na watafiti zaidi kwa sababu ya tauni, ugonjwa ambao haujawahi kuondoka kabisa kwenye milima hii. Hata hivyo njaa na unene vinaweza kukaa kwenye barabara moja. Mwenye duka anakaa kwenye kiti toka asubuhi hadi jioni, dereva wa lori anakula ugali na nyama ya mafuta usiku, soda na bia haziko mbali. Tena kuna sifa: mwanamke aliyekonda anashukiwa kuwa mgonjwa, au watu wanasema bwana hamtunzi. Katika miji mingi ya Kongo wako wanaomeza vidonge vya deksametazoni na siproheptadini ili wanenepe haraka. Dawa hizo hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, na ile ya kwanza inaweza kupandisha sukari na presha ya mtu ambaye hakuwa nazo.

Koo linapojifunga

Ugonjwa unaotafutwa unaitwa apne ya usingizi. Mtu akilala, misuli ya koo inalegea. Kwa mwenye shingo nene, mafuta yaliyo pembeni ya koo yanasukuma ndani, ulimi unarudi nyuma, na njia ya hewa inabaki nyembamba. Hewa inapopita kwa nguvu mahali hapo ndipo kukoroma kunapotokea. Njia ikifungika kabisa, kelele inakatika. Kifua kinajitahidi, lakini hewa haipiti. Baada ya sekunde kumi, ishirini, mara nyingine zaidi, ubongo unashtuka, mtu anavuta pumzi kwa kishindo kama anayetoka majini, na kukoroma kunaanza upya. Asubuhi yeye mwenyewe hakumbuki kitu. Anachojua ni kwamba kichwa kinamuuma, mdomo umekauka, na kufika saa nane mchana macho yanafunga.

Waganga wanahesabu ni mara ngapi kwa saa moja pumzi inakatika au inapungua sana. Chini ya mara 5 si ugonjwa. Kutoka 5 hadi 15 ni hali nyepesi, kutoka 15 hadi 30 ni ya katikati, na kuanzia 30 ni kali. Mtu wa namba 40, kwa usiku wa saa saba, anakabwa karibu mara 280. Moyo wake unafanya kazi usiku kama wa mtu anayepanda mlima, na presha inakataa kushuka hata akimeza dawa.

Kati ya wanene wanaokwenda kufanyiwa upasuaji wa uzito, tafiti nyingi zimekuta kwamba zaidi ya nusu wana apne, na wengi wao hawakujua. Ndiyo maana waganga wa upasuaji huu wanauliza habari za usingizi kuliko wale wa upasuaji mwingine.

Dawa ya usingizi inalegeza koo kuliko usingizi wa kawaida. Dawa kali za maumivu za jamii ya mofini zinafanya zaidi: zinapunguza ule mshtuko wa ubongo unaomwamsha mtu anapokosa hewa. Nyumbani, mwenye apne anaokolewa na mshtuko huo kila mara, hata mara 280. Hospitalini, akiwa amepewa mofini, amelazwa chali, hakuna anayemuangalia, unaweza usije. Upasuaji unaweza kuwa umeenda vizuri sana, na mgonjwa akafa saa nane za usiku.

Shahidi yuko kitandani

Kipimo kamili kinafanywa katika chumba maalumu: nyaya zinabandikwa kichwani, pembeni ya macho, kidevuni, kifuani na miguuni, na mtaalamu anaangalia usiku wote. Kipo pia kipimo chepesi cha kupeleka nyumbani au hotelini: mkanda wa kifua, kamrija kadogo puani, na kifaa cha kidoleni kinachosoma oksijeni. Kwa mtu ambaye dalili zake ziko wazi na hana ugonjwa mzito wa moyo au mapafu, hicho cha pili mara nyingi kinatosha.

Kpandroma ni mbali na vyumba vya namna hiyo. Mtu anayetafuta upasuaji wa uzito kwa kawaida anafikiria Kampala, kwa kupita Mahagi na mpaka wa Goli, au anaenda mbali zaidi, Nairobi au India. Jijini Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili-Mloganzila nayo imekuwa ikiweka puto tumboni, njia isiyokata kitu: puto linaingizwa kwa mdomo, linajazwa, linakaa miezi kadhaa, kisha linatolewa. Upasuaji wenyewe ni kitu kingine. Ule unaofanywa sana siku hizi unaondoa karibu robo tatu ya tumbo la chakula, na sehemu iliyoondolewa hairudi.

Lakini kuna kazi ya kwanza inayoweza kufanywa hapa hapa, bila umeme. Mwaka 2008 kikundi cha Frances Chung, munganga wa dawa ya usingizi huko Toronto, Kanada, kilitangaza orodha ya maswali manane ambayo sasa inatumiwa duniani pote. Je, unakoroma kwa sauti inayosikika nyuma ya mlango? Unachoka mchana? Kuna mtu amekuona pumzi ikikatika ukiwa umelala? Una presha? Uzito wako ukigawanywa kwa urefu mara urefu unapita 35? Una zaidi ya miaka 50? Shingo yako inapita sentimita 40? Wewe ni mwanaume? Kila ndiyo ni alama moja. Kuanzia 3 kuna mashaka. Kuanzia 5 hatari ni kubwa, na hapo kuvuka mpaka bila kusema kitu ni kujitafutia shida.

Mfano ni mama mwenye mita 1.60 na kilo 105. Kilo 105 gawanya kwa 1.60 mara 1.60: anapata 41. Ana presha, anasinzia dukani, na watoto wanacheka kukoroma kwake. Hayo tayari ni manne, kabla ya mtu kupima shingo kwa utepe wa fundi cherehani. Wanawake tena wanahitaji kuangaliwa vizuri, maana wengi hawakoromi sana; wanalalamika tu kukosa usingizi, uchovu na kichwa kuuma, na wanaambiwa ni mawazo.

Swali la pumzi kukatika halijibiwi na mgonjwa, linajibiwa na anayelala karibu naye. Hapo nyumba za Djugu ziko na faida ambayo nyumba kubwa za Ulaya hazina: ni mara chache mtu analala peke yake. Bibi, bwana au mtoto mkubwa anaweza kukaa macho nusu saa na kuhesabu. Wanaweza pia kurekodi kwa telefone. Sauti ya dakika tano, yenye ukimya katikati na kishindo baadaye, inamwambia munganga mengi kuliko maelezo marefu. Kuna familia zinazoona kukabwa huko kuwa kazi ya wachawi au mashetani, na zinaficha. Bora wamwache mgonjwa aende na huyo shahidi wake hadi mbele ya munganga.

Kile kifaa cha kidoleni, ambacho kilijulikana na watu wengi wakati wa Covid-19, kinasaidia lakini kinaweza kudanganya. Kukitazama mchana, mgonjwa akiwa macho, hakuna faida. Apne haionekani mchana. Tena nyanda hizi zinakaribia mita 2,000 na hewa ni nyepesi, kwa hiyo namba inaweza kuwa chini kidogo hata kwa mtu mzima kabisa. Namba nzuri haiondoi mashaka kama majibu ya maswali manane ni mabaya.

Masini na swali la umeme

Kinachowaogopesha watu ni kwamba kipimo kikionyesha ugonjwa, upasuaji utafutwa. Kwa kawaida haufutwi. Unaahirishwa, na mgonjwa anapewa masini inayosukuma hewa kwa nguvu ndogo kupitia kinyago cha pua ili koo lisijifunge. Ilibuniwa na Colin Sullivan huko Sydney, Australia, na habari zake zikatoka mwaka 1981. Masini za kwanza zilikuwa na kelele na mtu alionekana kama amefungwa kwenye bomba. Za leo ni ndogo, zinaingia kwenye mkoba. Mgonjwa anajizoeza nyumbani, halafu anakwenda nayo hospitali, na wauguzi wanamvalisha usiku uleule wa upasuaji. Wanamlaza kichwa na kifua vikiwa juu, wanapunguza mofini, na wanaacha kifaa cha oksijeni kidoleni hadi asubuhi.

Shida yenyewe inaanzia hapo. Masini inagharimu dola mia kadhaa, na inahitaji umeme usiku wote, mahali ambapo wengi wanategemea sola au jenereta inayozimwa mapema. Mgonjwa anapaswa kuuliza mambo haya kabla ya kulipa: je, inakubali batri ya volti 12? Waya wake wa batri unauzwa pamoja nayo? Kinyago kikiharibika, kingine kitapatikana wapi? Sehemu inayopasha maji moto ndiyo inayokula umeme sana; ikizimwa, batri inadumu zaidi. Masini iliyonunuliwa Kampala na kukaa kabatini Kpandroma haifai kitu.

Mtu asiyepata masini asirudi nyumbani mikono mitupu. Kulala ubavu badala ya chali kunasaidia wengi. Kuacha pombe jioni pia, pamoja na vidonge vya usingizi vinavyouzwa bila karatasi ya munganga. Na uzito wenyewe unahesabika: utafiti uliofuata watu wa Wisconsin, Marekani, na kutangazwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba aliyepungua asilimia 10 ya uzito wake, kukatika kwa pumzi kulipungua kwa karibu asilimia 26. Kwa yule mama wa kilo 105, hiyo ni kilo kumi na nusu.

Baada ya upasuaji, wengi hupona au hupata nafuu kubwa kadiri kilo zinavyoshuka, lakini si wote. Anayejisikia vizuri baada ya miezi mitatu anashawishika kuuza masini ili arudishe pesa ya safari. Angengoja kipimo cha pili, maana kukoroma kunaweza kuisha na pumzi ikaendelea kukatika kimyakimya.

Kwa wengi wa Kpandroma, upasuaji wa uzito hautakuja kamwe. Lakini upasuaji mwingine unakuja bila kuuliza: ngiri, kidole tumbo, mtoto aliyekataa kutoka. Katika hospitali ya Rethy au kule Bunia, yule anayetoa dawa ya usingizi ndiye wa kuambiwa kwanza, kabla hajachagua. Mara nyingi sindano ya mgongoni inatosha kwa sehemu ya chini ya mwili, na koo linabaki macho. Kama mgonjwa hawezi tena kuongea, bwana au bibi aliyehesabu usiku aseme mwenyewe: huyu anakoroma, kisha ananyamaza, kisha anashtuka.