Sonda ya joto ya kompresa: pima asubuhi kabla ya kununua mpya

Wandugu wa promosheni, kompresa ya visi ikianza kujizima kila saa sita ya mchana na kuandika kwamba joto limezidi, hapa Makiso watu wanafanya moja ya mambo mawili: wanaagiza sonda mpya Kinshasa, ama wanaidanganya mashini. Yote mawili kabla mtu hajatoa hata multimeta.

Sonda yenyewe, kwenye kompresa nyingi za aina hiyo, ni Pt100: uzi mwembamba wa platini ndani ya kichuma, umewekwa pale hewa inapotoka pamoja na mafuta. Kwenye digrii 0 inapima omu 100, kwenye 30 omu 111,7, kwenye 110 omu 142,3. Ni kusema karibu omu 0,39 kwa digrii moja. Kompyuta ndogo ya mashini haijui joto, inajua omu tu. Omu zikiongezeka njiani, kwenye waya uliooza ama kiungo kibaya, yenyewe inahesabu joto. Sonda ya waya mbili ndiyo inaumia zaidi. Uzi ukikatika kabisa, namba inaruka juu sana au skrini inaandika kosa. Waya zikigusana, namba inaanguka chini ya sifuri. Hizo ni rahisi. Ngumu ni sonda inayodanganya kidogo.

Hapo mimi nangoja asubuhi. Mashini iliyolala usiku mzima haina joto lake: mafuta, chuma na hewa ya chumba ni sawasawa. Soma namba kabla ya kuwasha, halafu soma termometa ya ukutani. (SNEL ikikata usiku na kurudisha alfajiri, umepewa jaribio la bure.) Namba zikilingana, sonda inasema kweli, basi tafuta joto lenyewe: mafuta yamepungua, radiata imejaa vumbi, feni imechoka, valvu ya termostati imekwama.

Katika karakana moja ya hapa mjini, skrini ilisema 42, ukuta ulisema 26. Digrii 16, kama omu 6 zimeingia mahali. Walikuwa wamekwisha kubadilisha sonda mara mbili! Nikahakikisha mota haiwezi kuwaka, nikatoa sonda kwenye waya zake, nikafunga mahali pake rezistansi ya omu 120, ile ya bei ndogo ya mafundi wa redio. Ilipaswa kusoma 51 na nusu. Ikasoma 67. Basi sonda haina shida, shida iko kwenye waya. Nikaufuata mpaka nyuma ya tanki: mtu aliusokota kwa mkono na kuufunga tepu, na kwa unyevu wetu huu shaba ilikuwa imegeuka kijani.

Patroni alipoona namba imetulia, akaniambia:

– Injenia, acha hiyo kitu hapo hapo, tuwashe. Hata siku tatu tu.

– Hapana, papa. Hii itasema 67 hata mafuta yakiwaka.

Na yanaweza kuwaka. Ndani ya tanki kuna hewa ya presha, mvuke wa mafuta na kichujio kilicholowa. Kwa kawaida mashini inajizima karibu na 110 ili isifike huko. Vijana wanne walikuwa wanafanya kazi mita chache kutoka pale. Patroni alinuna, na namwelewa, kila siku ya kusimama wateja walikuwa wanahamia kwingine. Lakini rezistansi ni ya kupimia mashini ikiwa imesimama, halafu inarudi mfukoni.

Kurekebisha hakukufika hata saa moja: kukata shaba iliyooza, kuunganisha kwa risasi, kufunika kwa mpira, kuusogeza waya mbali na tanki. Kesho yake asubuhi skrini 26, ukuta 26. Mchana ikapanda mpaka 95 na kubaki pale. Iko juu kidogo kwa kuipenda, radiata nayo ilitaka kuoshwa.

Mambo mawili kwa wenye haraka. Usifungue sonda kutoka kwenye tundu lake kabla presha haijaisha kabisa, mafuta ya moto yatakurukia usoni. Na kama mashini yako inatumia termista, namba hizi si zake: omu za termista nyingi zinashuka joto likipanda, kwa hiyo kiungo kibaya kitaonyesha baridi, na mashini haitajizima pale inapotakiwa.