Je, Wajua? Droo Nzuri Huua Askari wa Risasi

Je, wajua kwamba sanamu ndogo ya askari ya madini ya risasi, iliyopakwa rangi nusu kisha ikasahauliwa kwenye droo ya mti wa mwaloni, yaweza kugeuka unga? Mwaloni hutoa mvuke wa asidi ileile iliyomo kwenye siki. Droo ikifungwa, mvuke hujikusanya na kuila risasi polepole. Huanza vipele vyeupe. Kisha rangi huinuka na kubanduka.

Isitoshe, askari wengi wa zamani ni ganda tu la risasi. Mwaka 1893, kampuni ya William Britain ya London ilianza kumimina risasi iliyoyeyuka kwenye kalibu, kisha kuimwaga kabla haijaganda yote. Askari akatoka mwepesi, mtupu ndani, wa bei nafuu. Kimo chake cha milimita 54 bado hutumika leo. Ni ufundi wa kupendeza mno!

Kiporo cha askari aliyepakwa rangi nusu hakimaliziwi kwa brashi kwanza, bali kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Rangi haishiki juu ya vumbi na mafuta ya vidole. Wachoraji wengi hutoka ndani kwenda nje: ngozi, sare, mwisho mikanda na vifungo. Matabaka mawili mepesi hushinda moja zito, kwani rangi nzito huziba mikunjo ya nguo.

Ukiona unga mweupe, usiupulize wala kuusugua. Ni sumu. Vaa glavu, kisha mhamishie askari wako kwenye kabati la chuma na kioo.