Majivu Yanayoupa Mpunga Ngozi Ngumu

Msomaji, ukialikwa harusini Sangailu, kule Garissa, usishangae kuandaliwa sinia ya wali kwa nyama ya mbuzi. Mbuzi ni wa hapo hapo, lakini mchele umetoka mbali, maana hii ni nchi ya wafugaji. Huja kwa lori, na bei yake hutegemea mavuno ya kwingine: Mwea, Hola na Bura kando ya Mto Tana, na hata Pakistan.

Mmoja wa maadui wa mavuno hayo ni funza atobowaye shina. Akishaingia ndani, suke hutoka jeupe na tupu. Dawa ya kunyunyizia haimfikii kwa urahisi, na mabaki yake huishia kwenye mifereji ya maji.

Je, wajua kuwa mpunga una silaha yake wenyewe? Mizizi yake hunywa silikoni, madini yaliyomo katika mchanga na kioo, mradi yawe yameyeyuka majini. Maji yakishakauka majani, silikoni hubaki na kuifanya ngozi ya mmea iwe ngumu. Funza mchanga akiuma, meno yake husagika. Huchelewa kuingia, na huko nje buibui na siafu wanamsubiri.

Wakulima wa Japani wametumia mbolea ya silikoni tangu miaka ya 1950. Mwaka 2006, wataalamu wakiongozwa na Jian Feng Ma walitangaza kuwa wamepata jeni inayouwezesha mzizi wa mpunga kuivuta.

Shida ni kwamba kila mavuno huondoka na silikoni ya shamba. Lakini dawa i karibu na kinu. Kilo 100 za mpunga hutoa takriban kilo 20 za maganda, na majivu ya maganda hayo karibu yote ni silikoni iliyoungana na oksijeni. Kuyarudisha shambani ni kulipa deni.

Yako masharti. Maganda yaunguzwe kwa moto wa wastani, kwani moto mkali mno hufanya majivu yasiyeyuke upesi. Yaloweshwe kabla ya kumwagwa, na pua zifunikwe, maana vumbi lake hudhuru mapafu. Tena majivu hayaui funza, humchelewesha tu. Mkulima aendelee kukagua shamba na kung'oa mabua yaliyoshambuliwa.

Hivyo basi, mwanafunzi unayesoma kilimo, ukipita kinuni usiyaone maganda yale kuwa takataka. Ndani yake mna kinga ya sinia ya kesho.