Wanagenzi wa sheria katika majalada ya NEMA

Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ilianguka tarehe 26 Juni 2019. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) ilikuwa imeitoa Septemba 2016, na mtambo huo wa megawati 1,050 ungejengwa Kwasasi. Jopo la Kitaifa la Mazingira liliifuta, na hoja iliyoielemea zaidi ilikuwa ya utaratibu: mikutano iliyofanyika ilikuwa ya kutambulisha mradi tu, na utafiti ulipokamilika matokeo yake hayakurudishwa kwa wenyeji wakayajadili. Mwekezaji akaambiwa aanze upya.

Kwa mwanafunzi wa sheria anayefika makao makuu ya NEMA, Barabara ya Popo, South C, kwa mafunzo ya nyanjani, hukumu hiyo ni somo la kwanza. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira huwa nene, na mara nyingi uzito wake kisheria umo katika viambatisho: kumbukumbu za mikutano, majina ya waliohudhuria, sahihi, tarehe. Mwanagenzi makini huanzia huko. Mkutano uliitishwa kabla au baada ya utafiti? Ulifanywa kwa lugha wanayoielewa wavuvi? Je, pingamizi zilizotolewa zimejibiwa, au zimeorodheshwa tu?

Ukaguzi wa viwanda una mitego yake. Mkaguzi akichota maji machafu mtoni, kesi nzima hukaa katika chupa ile. Lazima ijulikane nani aliichota, wapi, saa ngapi, nani aliipeleka maabara na nani aliipokea. Lebo isiyo na saa humpa wakili wa mshtakiwa mlango wa kupenyea. Kukagua fomu hizo kabla jalada halijafika kwa mwendesha mashtaka ni kazi ambayo kijana wa mwaka wa tatu anaiweza kabisa, chini ya usimamizi.

Kusimama mbele ya hakimu bado hawezi. Akimaliza shahada atapitia Kenya School of Law, kisha afanye mafunzo ya miezi sita chini ya wakili mwenye uzoefu wa miaka mitano au zaidi. Hata hivyo, utafiti wa sheria na rasimu za hati za kiapo zinaweza kupitia mikononi mwake mapema. Kumwachia mashine ya nakala na chai ya wakubwa kwa miezi mitatu ni kumdhulumu, na ni kuidhulumu ofisi yenyewe, kwa kuwa macho ya ziada kwenye majalada yanahitajika mno.

Yanahitajika kwa sababu NEMA hushtaki na pia hushtakiwa. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au madhara. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliitumia haki hiyo baada ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kuwatia sumu ya risasi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni, NEMA ikiwa miongoni mwa waliotakiwa kulipa. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Hukumu za Owino Uhuru zinafaa kusomwa na kila mwanagenzi wa kitengo cha sheria katika wiki yake ya kwanza, pamoja na msimamizi wake, kalamu mkononi. Wasome hasa sehemu zinazoeleza leseni zilivyotolewa, malalamiko yalivyopokelewa na hatua zilivyochelewa. Kisha wapewe majalada ya viwanda vinavyofanya kazi sasa, wayatafute makosa hayo hayo mapema, kabla watoto wa mtaa mwingine hawajapelekwa kupimwa damu.