Usafi wa Kukabidhi Nyumba Uingie Kwenye Makadirio

Ukiangalia makadirio ya nyumba nyingi za watu binafsi zinazojengwa Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, utakuta kila kitu kina mstari wake: msingi, tofali, nondo, bati, plasta, jipsamu, vigae, rangi, hadi vitasa vya milango. Usafi wa kukabidhi nyumba haumo. Unachukuliwa kuwa shughuli ya siku ya mwisho, ya kuwaita vijana wawili na ndoo zao. Siku hiyo inapofika, mfuko wa mwenye nyumba umeshakauka, fundi rangi anadai salio lake, gari la kuhamisha vyombo limeshakodiwa, na bei ya usafi inapangwa kwa kuangalia kilichobaki badala ya kuangalia kazi iliyopo. Huo ni mpango mbovu, na ubovu wake hauishii kwenye nyumba kubaki chafu. Usafi baada ya ujenzi ni hatua ya ujenzi kama zilivyo nyingine, na sehemu kubwa ya gharama yake huamuliwa na mafundi miezi kadhaa kabla msafishaji hajakanyaga ndani. Asiyeutengea fedha mapema hujikuta analipia kuharibiwa kwa vitu alivyokwisha kuvilipia.

Tuanze na vumbi lenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika. Vumbi la nyumba mpya si lile la barabarani linaloingia dirishani. Ni saruji, ni unga wa skimu iliyopigwa msasa, ni chembe za vigae na tofali zilizokatwa kwa grenda. Ndani yake mna silika ya fuwele, madini yaliyomo kwenye mchanga, zege na vigae. Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka silika inayovutwa kwa pumzi kazini katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Chembe zenye madhara zaidi ni zile zisizoonekana kwa macho. Unywele mmoja una unene wa takriban mikromita 70. Chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni ndogo kuliko mikromita 10. Hapa ukubwa una maana nyingine ya kivitendo. Katika chumba kisicho na upepo, chembe ya mikromita 10 hushuka kutoka darini hadi sakafuni kwa dakika chache, lakini ya mikromita moja huweza kuelea usiku kucha. Ndiyo sababu nyumba iliyopigwa deki jioni huamka asubuhi na utando mweupe juu ya kila kitu. Msafishaji hakuwa mvivu. Vumbi lilikuwa bado halijatua. Ukilifagia kwa fagio la chelewa, unalirudisha hewani na saa zinaanza kuhesabiwa upya. Kazi hii inataka mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3, kisha vitambaa vyenye unyevu, kisha kusubiri, kisha kurudia. Kwa hiyo anayekadiria siku moja kwa kazi ya siku tatu tayari amekosea hesabu kabla hajataja bei.

Kosa la pili la hesabu ni la vipimo. Mazungumzo ya bei huanzia kwenye ukubwa wa sakafu: nyumba ni mita za mraba kadhaa, basi kila mita ni shilingi kadhaa. Chukua chumba cha mita nne kwa nne chenye kuta za mita tatu. Sakafu yake ni mita za mraba 16. Kuta zake nne, kabla ya kutoa mlango na dirisha, ni 48, na dari ni 16 nyingine. Jumla ni 80, mara tano ya sakafu. Bado hujagusa fremu za aluminiamu na mifereji yake midogo inayojaa mchanga, makabati ndani na nje, swichi, feni, taa zilizozama kwenye jipsamu, na skatingi. Anayekupa bei ya chini kabisa kwa mita ya sakafu mara nyingi ameihesabu sakafu peke yake, na hilo utaligundua utakapowasha feni kwa mara ya kwanza. Makadirio ya kweli huandika nyuso zitakazosafishwa, chumba kwa chumba, na kampuni zote zinazoomba kazi hupewa orodha hiyohiyo moja. Vinginevyo unalinganisha bei za kazi tofauti.

Hapa ndipo mafundi wanapoingia kwenye hesabu. Tone la saruji likiwa bichi juu ya kigae hufutwa kwa kitambaa cha maji kwa sekunde chache. Likikaa wiki moja linataka kukwanguliwa. Fundi anayekata vigae kwa mashine inayotiririsha maji huacha tope linalozolewa kwa ndoo. Anayekata vikavu kwa grenda sebuleni hutawanya unga hadi chumba cha mwisho, ndani ya mabomba ya nyaya na juu ya fremu zote. Madirisha yakifunikwa kwa nailoni na tepu ya karatasi kabla ya plasta na rangi, msafishaji atafuta vioo. Yasipofunikwa, atavikwangua kwa wembe, na hapo hasara iko karibu sana, kwa sababu chembe za mchanga ni ngumu kuliko kioo. Ukizisugua kikavu juu yake zinachora mistari ambayo haitoki kwa dawa yoyote. Mbaya kuliko yote ni tabia ya kuoshea ndoo za grauti na saruji kwenye choo au sinki jipya. Saruji haihitaji jua ili ikauke; hushika hata ikiwa chini ya maji. Inashikia kwenye kona ya bomba, na miezi michache baadaye mwenye nyumba anavunja sakafu mpya ili kulizibua. Mambo haya yote huzuilika kwa nailoni, maboksi ya kutandika sakafuni, pipa moja la kuoshea vifaa, na sentensi mbili ndani ya makubaliano na fundi. Ni fedha ndogo, lakini lazima iwepo mwanzoni. Mwishoni haina kazi tena.

Bajeti ikikosekana, asidi huingia. Kila anayejenga anaijua: chupa ya bei rahisi inayomwagwa juu ya vigae ili kuondoa utando wa saruji kwa haraka, na povu linapochemka watu huridhika kwamba inafanya kazi. Kweli inaondoa saruji. Lakini grauti iliyo katikati ya vigae nayo ina saruji, na asidi haichagui. Terazo na marumaru halisi zina chokaa ndani yake. Asidi huzila na kuziacha zimefifia. Mvuke wake huacha madoa kwenye mabomba ya kromu, hula aluminiamu na hutia kutu hata vyuma visivyoshika kutu kirahisi. Kuna hatari kubwa zaidi: asidi ikikutana na jiki, hutoka gesi ya klorini, ambayo ndani ya choo kisicho na dirisha huweza kumwangusha mtu. Msafishaji anayeijua kazi hutumia dawa ya asidi iliyopunguzwa nguvu, pale tu uso unapoivumilia, baada ya kulowesha grauti kwa maji na kujaribu kwenye kona isiyoonekana. Ujuzi huo ndio unaoulipia. Ndoo na dekio hata wewe unavyo.

Mwenye nyumba atauliza, na kwa haki: fundi si ndiye aliyechafua, kwa nini asisafishe yeye? Mikataba rasmi ya ujenzi kweli humtaka mkandarasi aondoe vifaa, mabaki na kifusi anapokabidhi kazi. Tatizo ni kwamba nyumba nyingi hazijengwi kwa mikataba hiyo. Mwenye nyumba ananunua vifaa mwenyewe na kumlipa kila fundi ufundi wake tu, hivyo fundi vigae huondoka kabla fundi rangi hajafika na hakuna anayewajibika kwa uchafu wa jumla. Hata penye mkandarasi mmoja, kuondoa kifusi ni jambo moja na kuifanya nyumba ilalike ni jambo lingine. Makubaliano yaseme wazi mpaka uko wapi: fundi aache eneo limezolewa, hakuna matone ya saruji, kifusi kimepakiwa kwenye kirikuu na kupelekwa kunakoruhusiwa, msafishaji aanzie hapo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la umaskini wa mfuko. Watu wengi hujenga kidogo kidogo kwa miaka, na kuwaambia watenge fedha ya kampuni ya usafi wakati chumba cha watoto hakina dari huonekana kama anasa. Naliheshimu pingamizi hilo, na jibu langu si kwamba kila mtu aite kampuni. Vibarua wanaweza kuifanya sehemu kubwa ya kazi vizuri, ilimradi wapewe muda, barakoa za N95 badala ya kitambaa, glovu, maji ya kutosha na maelekezo ya mahali pasipoguswa na asidi. Mwenye kipato kidogo akodi mashine ya kufyonza vumbi kwa siku mbili na amlipe mtaalamu kwa vioo na vigae pekee. Lakini hata mpango huo una bei, na bei hiyo haikwepeki: maji ya boza kama bomba la mtaa halijaunganishwa, uniti za LUKU, usafiri wa kifusi, vifaa vya kujikinga. Ukitumia kampuni iliyosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, uliza mapema kama kodi hiyo imo ndani ya bei uliyotajiwa. Na fedha hii isichotwe kwenye akiba ya dharura. Dharura ni jambo lisilojulikana kama litatokea, ilhali uchafu wa ujenzi unajulikana tangu siku ya kuchimba msingi.

Ukarabati wa nyumba yenye watu ndani una sura yake. Hapo gharama ya kuziba milango kwa nailoni na kuhamisha familia kwa siku chache inahesabika kama usafi, kwa sababu vumbi lisiloingia kwenye magodoro halihitaji kuondolewa humo. Rangi ya zamani isipigwe msasa mkavu: huenda ina risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, hasa kwa watoto. Paa la zamani la asbesto nalo lisivunjwe na vibarua hata kidogo. Hiyo ni kazi ya wataalamu na iwe na mstari wake peke yake.

Kuhusu malipo, gawanya mara tatu: sehemu ya kwanza baada ya kuondolewa mabaki makubwa, ya pili baada ya usafi wa kina, na ya tatu ibaki mkononi kwa siku mbili au tatu, muda wa vumbi la mwisho kutua na kufutwa. Siku ya kukagua nenda jioni, zima taa, laza tochi sakafuni mwanga wake upite sambamba na vigae. Utando wa saruji usioonekana mchana utatokea wote, na mikwaruzo ya vioo itaonekana ukiwasha tochi kwa pembeni. Andika unachokiona chumba kwa chumba, msafishaji akiwepo, naye aweke sahihi yake kabla hujatoa fedha iliyobaki.