Bomba Linalovuja Lina Anwani

Bango la kuhimiza utunzaji wa mazingira, likibandikwa langoni mwa chuo, husomwa siku ya kwanza na kusahauliwa siku ya pili. Ujumbe huwa na nguvu unapomkuta mwanafunzi pale pale penye bomba linalovuja au pipa lililofurika. Ndiyo maana mitandao ya kijamii inayotambua mahali alipo mtumiaji ina manufaa makubwa vyuoni.

Ili kutambua mahali hapo, simu hupokea mawimbi ya redio ya setilaiti zilizo kilomita 20,200 hivi juu ya dunia. Ikizipata nne au zaidi, hukokotoa mahali ilipo kutokana na muda wa mawimbi hayo kufika. Penye uwazi hukosea kwa mita 5 hivi. Kati ya majengo marefu, kosa huongezeka. Kwa bomba la ndani ya bweni, basi, namba ya chumba bado ni lazima.

Foursquare, iliyozinduliwa Marekani mwaka 2009, iligeuza mahali kuwa mchezo: ulipofika ulijisajili, ukapata beji, na aliyefika mara nyingi kuliko wote akawa "meya" wa hapo. Januari 2010, Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kuitumia. Beji kama hiyo inaweza kumtuza anayejaza chupa yake badala ya kununua nyingine ya plastiki. Lakini beji huchosha, na utamu wa mchezo ukiisha, tabia nayo hulegea.

Kinachodumu ni kazi yenye matunda. iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008 kama mradi wa wanafunzi wa uzamili huko Berkeley, California, huwawezesha watu kupiga picha za mimea na wadudu, kuonyesha walikovikuta, na kusaidiana kuvitambua. Kumbukumbu zilizothibitishwa hutumiwa na watafiti. Dar es Salaam nako, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi katika mradi wa Ramani Huria, wakichora mitaro, njia na majengo ya maeneo yanayokumbwa na mafuriko kwenye OpenStreetMap, ramani iliyo wazi kwa wote.

Vijana na ujuzi, basi, tunavyo. Wanafunzi watume kwenye ramani ya chuo taarifa za mabomba yanayovuja na mapipa yaliyofurika, kila chuo kimteue fundi wa kuzijibu, na matengenezo yaonekane kwenye ramani ile ile. Asiyejibiwa hatatuma taarifa ya pili. Tena kila mtumaji aamue mwenyewe kama jina lake litaonekana, maana ramani ya mabomba haipaswi kugeuka ramani ya nyendo za wanafunzi.