Pesa za Afya: Zitolewe Bure au Zikopeshwe?

Tukikaa na vikundi vyetu kuna swali moja halikosi. Mfadhili akileta pesa za afya, je, zigawiwe bure ama zikopeshwe kwa wenye biashara inayosaidia jamii? Hebu tuangalie mfano wa neti ya mbu.

Mwaka wa 2001 kulianzishwa huko Marekani mfuko uitwao Acumen Fund. Mfuko huu hupokea michango ya watu wenye moyo wa kutoa, lakini hauigawi kama sadaka. Huikopesha kampuni zinazohudumia maskini, ama hununua hisa, kisha hungoja kwa subira kuliko benki. Pesa zikirudi, zinasaidia wengine.

Mmoja wa waliokopeshwa ni kiwanda cha A to Z cha Arusha, Tanzania. Kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani ilikipa ujuzi wa kutengeneza neti ambayo dawa imo ndani ya uzi wenyewe, kwa hivyo inakaa miaka kadhaa bila kuchovywa tena. Baadaye kiwanda hicho kilitoa mamilioni ya neti kwa mwaka na kuandika kazi maelfu ya watu, wengi wao akina mama.

Hayo ni mazuri. Lakini je, neti ilimfikia mama asiye na kitu? Hapo ndipo penye maneno.

Huku kwetu magharibi mwa Kenya, wachunguzi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walijaribu bei mbalimbali katika kliniki za waja wazito. Neti ikiwa bure, karibu kila mama aliichukua. Ikiuzwa shilingi 40, waliochukua walipungua kwa 60 katika kila 100. Shilingi 40 tu! Sisi tunaoingia manyumbani hatushangai. Kwa wengine hiyo ndiyo mboga ya jioni.

Mwaka wa 2006 serikali iligawa bure neti zaidi ya milioni 3 kwa watoto wadogo. Katika wilaya 4 zilizochunguzwa, watoto waliolala ndani ya neti walipanda kutoka kama 7 katika kila 100 mwaka wa 2004 hadi kama 67. Watoto wa maskini nao wakawakaribia wa matajiri.

Basi tunajifunza nini? Mkopo ni mzuri kwa kujenga kiwanda, duka la dawa ama mradi wa maji. Bali haufai kurudishwa kwa kumkamua mgonjwa maskini. Kiwanda kikopeshwe, na neti inunuliwe na serikali ama wafadhili ili imfikie mama bila malipo.

Kwa hivyo, kabla kikundi chenu hakijatia sahihi, jiulizeni: Nani atalipa? Asiyeweza kulipa atahudumiwa vipi? Na mkopo ukichelewa kurudi, mzigo utamwangukia nani? Mkikosa jibu la swali la pili, rudini mkakae chini tena.